Ndefu ya Kaka, Fupi ya Dada

Uwanja wa ndege,
Ijumaa, 3 Februari 1984

Mdogo wangu Oline,

Nakuandikia kwa penseli niliyomwazima binti wa kaunta, na simrudishii mpaka nimalize, maana kaniudhi. Salamu utazikuta mwishoni kama karatasi itatosha.

Basi la kutoka kwetu Trysil lilinipokea kwa shingo upande. Ski yangu ndefu, ule ubao wa kutelezea thelujini, unaijua: inanipita mimi na kofia yangu, na kinachobaki unaweza kutengenezea kiti. Nimeifunga pamoja na fupi yako ndani ya zulia la marehemu shangazi, nikakaza kamba kichwani na miguuni. Dereva akalitazama akavua kofia. "Mzee Embret, nani tena?" Nikamwambia, "Bado hajafa, wewe endesha taratibu." Tukaliingiza kwa mlango wa nyuma, ncha moja nikaishika mimi, ya pili ikalala mapajani mwa mke wa mchungaji. Kila kona mama mchungaji analia "Yesu wangu!" Kanisani hajawahi kuomba kwa moyo vile.

Sasa vituko vya kaunta. Binti kafungua zulia, kakunja uso.

"Mzee, hizi si jozi. Moja ndefu, moja fupi."

"Hiyo ndiyo jozi yenyewe."

"Hii nyingine imevunjika?"

"Haijavunjika hata kucha. Mguu wa kushoto unateleza juu ya ndefu, wa kulia unasukuma kwa fupi, ndiyo maana fupi ina ngozi ya sili chini, yule mnyama wa baharini, isirudi nyuma. Wawindaji wa kwetu wamekwenda hivyo tangu babu yako hajajua soksi."

Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akamwita mkubwa wake. Wakasimama pale kama kamati ya mazishi isiyojua marehemu ni yupi. Mwisho wakaamua ndefu haiwezi kupita na mwenzake, kila moja isafiri peke yake. Zulia wamenirudishia. Nimelikalia.

Halafu ule ukaidi wako wa kushona kitambaa kwenye ngozi kwa uzi mwekundu, MALI YA OLINE, NYUMBA YA JUU, TRYSIL, NORWAY! Wameusoma kwa sauti. "Oline naye anasafiri?" Nikasema huyo hasafiri, huyo ana paka na mdomo. Lakini nisikulaumu sana, aliyetufanyia haya ni baba. Wazazi wengine wakifa hugawa mali. Wetu aligawa ugomvi: ndefu kwa Embret, fupi kwa Oline, pasiwe na wa kwenda popote bila kumbembeleza mwenzake.

Usiniombee mabaya kwa ajili ya ndevu zangu. Najua unazichukia. Mwaka jana nilisema mbele ya walevi wote wa nyumba ya wageni ya Vinzenz, kule Austria, kwamba mtu yeyote wa damu yetu anaweza kuteremka mlima wa Hinterlahn kwa jozi isiyolingana, asianguke. Vinzenz akasema hata ng'ombe wa Austria watacheka. Akaweka rehani masharubu yake, mimi nikaweka ndevu zangu za miaka arobaini. Jumapili ya tarehe 26, mbele ya kanisa lao, kuna mtu atanyolewa. Moyo wangu unadunda kama wa kijana anayekwenda kuposa!

Wanaita ndege. Fupi yako itarudi nzima. Penseli naondoka nayo.

Kaka yako,
Embret


Hinterlahn,
Jumanne, 7 Februari

Oline mdogo wangu,

Nimefika. Mimi mzima, ndefu nzima. Ndani ya treni tuliilaza kwenye ujia, kila mwenye haja ndogo akairuka mara mbili, kwenda na kurudi. Mkaguzi wa tiketi akaniuliza kama nayo imelipiwa. Nikamwambia ni mtoto, hajafika umri. Kutoka stesheni nikachukua teksi. Ndefu iliingia kwa dirisha la kushoto ikatokea la kulia, nasi tukaenda vizuri kabisa mpaka barabara ilipobana. Dereva akasahau. Tulikusanya kofia tatu na kamba nzima ya soseji. Kofia tumezirudisha.

Vinzenz anatoka mlangoni na yale masharubu, Oline, kama pembe za fahali aliyetiwa mafuta! Kanikumbatia, kaizunguka ndefu, kaigonga kwa vidole. "Na ya pili?" Nikamwambia ya pili imelala, imechoka na safari.

Ya kwako haijambo. Inakusalimu.

Theluji ni kavu na nyepesi, mlima uko hapa hapa nje ya dirisha unanikonyeza. Madonge yao ya mkate ni mazito, ukimeza mawili hupeperuki.

Posta ya huko inafanya kazi? Nauliza tu.

Embret


Trysil,
Jumamosi, 11 Februari

Bwana Vinzenz,

Hunijui. Mimi ni dada wa yule mwenye ndevu. Kijerumani changu nilikiokota ujanani jikoni kwenye hoteli moja ya Uswisi, kwa hiyo ukiona nakuandikia kama mpishi anayefokea sufuria, nisamehe.

Juzi mtu wa posta kaja kwangu akisukuma kijigari chake cha theluji, na juu yake imelala ski yangu fupi. Kijikaratasi cha safari kilichanika njiani, wakaona jina langu kwenye ngozi, wakairudisha kwa mwenyewe. Watu waaminifu sana. Hata unywele haujang'oka.

Leo nimepata barua ya kaka yangu. Anasema ski yangu haijambo na inanisalimu. Nikaigeukia pale ukutani, nikaiuliza, "Umenisalimu wewe?"

Nina maswali mawili, na naomba usimwambie kwamba nimeuliza. La kwanza, anafanya nini huko? La pili, mlipowekeana dau alisema maneno gani hasa? Alisema yeye mwenyewe atateremka, au alisema mtu wa damu yetu? Mdomo wake huwa mpana, na safari hii naomba uwe ulikuwa mpana kweli.

Zile ndevu mimi sizipendi. Uji wa Krismasi umo bado. Lakini Trysil kuitwa waongo sipendi zaidi.

Oline


Trysil,
Jumamosi, 11 Februari

Kaka Embret,

Nashukuru ski yangu inanisalimu. Nami nairudishia salamu, uiambie mdomo kwa mdomo.

Unailaza wapi? Si karibu na jiko? Ngozi unaichana? Niandikie kwa urefu, maana usingizi sipati kwa kuiwaza.

Paka mzima. Posta inafanya kazi vizuri mno.

Mdogo wako,
Oline


Hinterlahn,
Alhamisi, 16 Februari

Oline mpenzi,

Lala usingizi. Fupi yako inalala chumbani kwangu, karibu na jiko kiasi cha kusikia moto lakini si kiasi cha kuungua. Kila asubuhi naichana kwa chanuo langu la ndevu. Nimeizoesha, nikishika chanuo inajua. Wageni wanapanga mstari kuja kuitazama. Mwanamke mmoja kutoka Bavaria kaipapasa ile ngozi akasema kwa umri huu hajapata kushika kitu laini vile, nami nikamwambia bado hajashika ndevu zangu. Akaondoka.

Vinzenz ameingiwa na hofu. Anayashika masharubu yake kila dakika, kama mtu anayeaga.

Sasa, kwa udadisi tu. Ile fupi ikisimama inakufika wapi, kidevuni au puani? Na ule mkunjo wa mbele umeinuka kama kiatu au kama kijiko? Ninayo hapa mbele yangu, naitazama, ila macho ya uzee hayaaminiki. Nijibu haraka. Haraka sana.

Kaka yako mtunzaji,
Embret


Hinterlahn,
Alhamisi, 16 Februari

Bibi Oline,

Heshima yako. Barua yako nimeisoma ghalani nimejifungia, kwa sababu kucheka kwangu kunasikika hadi barabarani.

Kaka yako kila siku anakwenda stesheni na lile zulia begani, anarudi na lile zulia begani. Mkuu wa stesheni sasa akimwona anajificha. Mimi ananiambia anakwenda kuizoesha miguu. Ya pili haijaamka usingizini bado.

Jumatatu meza ya kupigia pasi ya marehemu mke wangu ilipotea. Jumanne likapotea zulia la mlangoni la ngozi ya mbuzi. Jumatano, nyuma ya zizi, nilimwona kwa macho yangu: mguu wa kushoto juu ya ndefu, wa kulia juu ya meza ya pasi iliyopigiliwa ngozi ya mbuzi, na miguu ya meza imekatwa. Alisukuma mara moja. Ndefu ikaenda kijijini, meza ikaenda msituni, yeye akabaki katikati kama mkasi uliofunguka. Jaribio la pili lilimpeleka kwenye lundo la samadi. Jioni alikuja mezani akiwa amejipaka manukato yangu.

Swali lako la pili. Alisema, "mtu yeyote wa damu yetu." Wamesikia watu ishirini na padri mmoja.

Bibi Oline, mimi ni mjane na masharubu haya ndiyo mali yangu ya fahari. Siogopi kuyapoteza kwa haki. Lakini nikishinda dhidi ya meza ya pasi, nitajitazamaje kwenye kioo? Njoo nayo. Chumba kipo, na mdomo wangu umefungwa.

Vinzenz


Trysil,
Jumanne, 21 Februari
(kwa posta ya haraka)

Bwana Vinzenz,

Naondoka kesho kwa treni. Ndege sipandi. Ski yangu ilipanda ikarudi nyumbani yenyewe, nami mwenye akili nimeelewa.

Haitatoka mkononi mwangu. Nimeishonea mfuko wa shuka na mkanda wa kupitisha begani, na yule atakayeniambia niiweke kwenye behewa la mizigo ataniweka na mimi. Nifuate stesheni Jumapili asubuhi, kaka akiwa ibadani anajifanya ana dini.

Nikuambie jambo ambalo hakuna alijuaye Trysil ila paka. Kila siku ya baridi Embret akila chakula cha mchana hulala mpaka kengele ya maziwa. Nyumba yake iko chini, yangu juu, na ndefu huegemea ukuta wa nje. Basi miaka yote hii, yeye akikoroma, mimi huichukua. Naifunga na fupi yangu, nateremka bonde lote hadi mtoni, naipanguza, nairudisha ilivyokuwa. Yeye husema ndefu yake haizeeki kwa sababu anaitunza.

Damu yetu ni hiyo hiyo.

Oline


Hinterlahn,
Jumamosi, 25 Februari

Oline,

Barua hii haina mzaha, kwa hiyo ikushtue.

Fupi yako sinayo. Tangu uwanja wa ndege sinayo. Ndefu ilitokea kwenye mkanda wa mizigo, nikangoja mwenzake mpaka wafagiaji wakanifagia. Nimekuandikia kwamba imelala, imechanwa, imesifiwa. Mwanamke wa Bavaria yupo, lakini alichopapasa ni meza ya pasi.

Ulipouliza nailaza wapi, niliikalia barua yako kama nilivyolikalia zulia. Kunyolewa siogopi, Oline. Kidevu ni changu, hata kama nimesahau kinafananaje. Nilichoogopa ni kukuandikia sentensi ile ya kwanza hapo juu. Nimeiandika mara nne, na mara zote nne nikaenda kukata kuni za Vinzenz. Sasa ana kuni za kumfikisha kaburini na kumpasha moto huko.

Baba alikuwa mjanja kuliko tulivyomdhania. Nimesimama na ndefu peke yake mlimani wiki tatu. Ndefu peke yake inateleza vizuri sana, mpaka unapotaka kwenda mahali.

Kesho watanyoa mbele ya kanisa. Nitasema Trysil tuna jozi kama hiyo, na hawataniamini, na watakuwa na haki. Ukinikuta kituo cha basi usipite ukidhani ni mtu mwingine. Mwenye zulia ndiye mimi.

Kaka yako mwongo,
Embret


Trysil, nyumba ya chini,
Jumatatu, 5 Machi

Mwizi wangu mpendwa,

Nimefika. Nimepanda nyumba ya juu kumlisha paka wako, sandukuni mwako nimekuta barua kutoka kwa mzee mmoja mwongo mwenye ndevu. Nimeifungua, nimeisoma nikiwa nimesimama. Nimemhurumia. Kama ningekuwa wewe ningemsamehe, lakini wewe ulikuwa kwenye treni ukila mayai ya kuchemsha.

Mwili unanisisimka bado! Natoka kanisani na shingo yangu tayari kwa wembe, kinyozi kashika beseni, bendi inapuliza, nawaona watu wanapisha kana kwamba anapita padri na msalaba. Kumbe ni kibibi cha Trysil na shuka refu begani, na Vinzenz nyuma yake kabeba kikapu kama bwana harusi. Unalivua lile shuka, namwona sili! Nilitaka kulia, nikapiga chafya. Nikanyoosha mikono nipokee. Nawe mbele ya watu wote ukasema, "Mikono chini, kaka. Leta ndefu."

Nikasema, "Oline, utavunjika kiuno." Ukasema, "Wewe ukalale, si saa yako ya kulala hii?" Hapo hapo nikaelewa kwa nini ndefu yangu ilikuwa na unyevu kila nikiamka. Na mimi, mjinga, namlaumu paka!

Uliposukuma kule juu sikupumua. Fupi inakamata, ndefu inaruka, fupi inakamata, ndefu inaruka, kitambaa cha kichwa kikakuacha pale penye msonobari, na ulipokaribia ukachuchumaa ukapita mbele ya Vinzenz na theluji yote ikamkaa usoni. Hukuanguka, we mchawi! Watu wazima walirusha kofia. Yule mkuu wa stesheni alinibusu. Nilipiga kelele "Damu yetu hiyo!" mpaka sauti ikakatika, na mpaka leo nazungumza kama jogoo mwenye mafua.

Masharubu yakaenda, sawa, ni haki. Lakini kumnyang'anya kinyozi mkasi ukanigeukia mimi! "Barua mbili za uongo, nusu ya ndevu kwa kila moja." Oline, kidevu changu kina baridi. Hakijaona Februari tangu nikiwa na meno yangu mwenyewe. Paka wako kaniinulia mgongo, kanipigia kelele kama mgeni.

Nimerudi na ndefu peke yake kwenye zulia. Dereva wa basi akavua kofia tena. Akalipima lile zulia kwa macho, akasema, "Huyu marehemu wako amekonda." Mama mchungaji alikuwemo. Alipoona ncha inakuja, akahamia kiti cha mbele mwenyewe.

Sasa wewe. Ulisema unabaki wiki moja kupumzisha magoti. Magoti hayo yaliyoruka kama ya swala yana ugonjwa gani? Ndefu nimeiegemeza ukutani pale pale, na kila nikitoka inainamia upande wa njia ya kwako. Rudi na fupi. Uji wa maziwa ya mgando nimejifunza kupika, unaungua kidogo tu.

Kaka yako mwenye kidevu,
Embret


Hinterlahn,
Jumatatu, 12 Machi

Kaka Embret,

Barua nimeisoma mezani kwa sauti, Vinzenz akacheka mpaka akajipapasa pale yalipokuwa masharubu. Yalitaka kuota tena, nimeyakataza. Chini yake kulikuwa na mdomo mzuri tu, sijui alikuwa anauficha nini.

Magoti yamepona siku nyingi. Kilichonishika ni kwamba nimeanza kumfundisha. Anasema ng'ombe wake wameacha kucheka, sasa ni zamu yake kujua. Lakini ana fupi yangu tu, na kwa fupi mtu anasukuma, anasukuma, hafiki. Kufundisha kunataka jozi.

Theluji ya hapa inakaa hadi Pasaka. Lete ndefu. Usipotaka, baki nayo uitengenezee kile kiti.

Meza ya pasi tumeirudishia miguu. Inayumba, lakini inakusubiri uje uombe radhi.

Paka mpe jirani. Ndefu ishonee jina, kwa uzi mwekundu. Nimekufundisha kwa gharama ya ndevu, usirudie somo.

Mdogo wako,
Oline


Uwanja wa ndege,
Jumatatu, 19 Machi

Oline,

Kadi ni ndogo, nami nina haraka. Dereva wa basi hakuuliza kitu, kafungua mlango wa nyuma mwenyewe kaimba wimbo wa maziko.

Kaunta ni yule yule binti. Nimemrudishia penseli yake. Kaifungua ndefu, kaigeuza, kasema, "Mzee, safari hii moja tu? Nyingine iko wapi?" Nikamwambia imetangulia, imepata mchumba.

Kitambaa nimekishona mwenyewe, uzi mwekundu, vidole vimetoboka vyote. Binti kakisoma kwa sauti, wale wakubwa wake wakaja kusikiliza. Kinasema hivi:

MALI YA EMBRET, NYUMBA YA CHINI, TRYSIL. IKIPOTEA MSINIRUDISHIE MIMI. IPELEKENI KWA OLINE.

Embret